Bomba la Maziwa na Bomba la Mgodi

Nyangeta mwanangu,

Ting.

Sauti hiyo niliisikia mara moja tu, kwenye karakana ya kiwanda cha pamba pale Bunda, na mpaka leo nikiosha vikombe na kimoja kikagusa kingine, mkono wangu husimama. Ilikuwa sauti ndogo sana. Ilitoka kwenye kipande cha chuma kilichokuwa kinapoa mezani, baada ya mimi kukichomelea tangu asubuhi. Watu walikuwa wamekwisha kunipongeza. Wambura, mchomeaji mwenzangu, alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Baba yako alikuwa amekalia tairi anakula muwa. Ting. Wote tulijua maana yake, lakini kila mmoja alisubiri mwenzake aseme.

Baba yako ndiye aliyesema. “Injinia,” akasema, “hicho chuma chako kimekohoa.”

Nakuandikia leo jioni, wewe ukiwa kwa jirani unaagana na wenzako kabla ya safari ya kesho ya shule, Tabora. Nawasikia mnacheka. Sitakuandikia mambo ya sanduku, sabuni na kuamka mapema. Bibi yako amekuja kutoka Butiama kwa kazi hiyo, na ameifanya vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nataka kujibu swali lako.

Wiki iliyopita ulikuwa uani unasugua sufuria, ukaniuliza bila kunitazama, “Mama, basi linafika Mwanza saa ngapi?” Nikasema mchana. “Na treni ya Tabora inaondoka saa ngapi?” Nikasema jioni. Ukaendelea kuisugua ile sufuria ingawa ilikuwa imetakata. Nilielewa. Kati ya basi na treni kuna saa nyingi, na baba yako anaishi Mwanza. Ulikuwa unauliza kama saa hizo ni zako. Nikaingia ndani kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, na kila nikilitafuta najikuta nimerudi kwenye lile lori la kiwanda. Nivumilie. Mambo mengi ya watu nimeyaelewa kwa kuchelewa, baada ya kuyaona kwanza kwenye chuma.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki miaka ile vizuri. Leo ukishuka sokoni hapa Musoma unakuta spea za kila gari zimepangwa mafungu mafungu kama nyanya. Wakati ule kitu kikivunjika kilikuwa kimevunjika. Spea ilingoja kibali cha fedha za kigeni, na kibali kilingoja mtu asafiri mpaka Dar es Salaam akakalie benchi la ofisi fulani mpaka watu wa ofisi wamzoee. Malori ya kiwanda yalikuwa yamelala nyuma ya ghala, majani yameota kwenye magurudumu. Lililobaki linatembea lilikuwa moja, lenye turbo, na dereva wake alikuwa Magesa, baba yako. Lilikuwa likienda Mugeta na vijiji vya huko kuleta pamba ya wakulima kabla ya mvua za vuli.

Kilichopasuka kwenye lori hilo kinaitwa menifodi. Ni bomba lenye matawi. Kila silinda ya injini ina tundu lake la kutolea moshi, na menifodi inaukusanya moshi wote kutoka matundu hayo na kuusukuma kwenye turbo, ambayo ni kama feni: moshi unaizungusha, nayo inaipa injini pumzi ya kupanda mlima na mzigo. Lori likipanda kilima limejaa pamba, menifodi inaiva mpaka inakuwa nyekundu. Likizimwa, inapoa. Kila siku hivyo: moto, baridi, moto, baridi. Na muda wote imebeba uzito wa turbo, inatikiswa na barabara ya Mugeta, ambayo unaijua.

Menifodi ya asili ya lori ilikuwa ya kasti, chuma cha kumimina. Ilipopata ufa, meneja alituita ofisini. Pamba ilikuwa imerundikwa vijijini, nyingine nje, kwa sababu maghala yalikuwa yamejaa. Alisema, “Mvua ikianza kabla hiyo gari haijatoka, sijui nitawaambia nini wale watu.” Akanitazama mimi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Dar es Salaam miaka michache tu, msichana peke yangu darasani, na nilikuwa nimejiapiza kutokosea mbele ya mwanaume yeyote.

Kasti ukiichomelea lazima uipashe moto yote kwanza, na ukimaliza uifukie kwenye majivu ya moto ipoe polepole, hata mpaka kesho yake. Nilijua. Majivu yalikuwepo, ya maganda ya mbegu za pamba, yamejaa nyuma ya boila, ya moto, bure kabisa. Lakini kitu kilichofukiwa kwenye majivu hakionekani. Mimi nilitaka kionekane. Nilitaka meneja apite akione mezani, ule mstari wa kuchomelea ulionyooka kama mshono wa cherehani. Nikakiacha mezani, mlango wazi, upepo unaingia. Ting.

Ilikuwa imepasuka upya, nikasema nitatengeneza menifodi mpya kwa mabomba.

Sasa, mabomba gani? Hilo ndilo lililonishinda, na ndilo nililotaka ulijue, kwa sababu huko shuleni watakufundisha kwamba chuma huchaguliwa kwa jedwali. Jedwali ni kweli. Lakini anayelisoma ni mtu, na mtu ana yake moyoni.

Wambura alitaka tutumie bomba la maji. Lilikuwepo stoo, jepesi kukata, lakini limepakwa zinki. Nilimkatalia, maana zinki ikiungua moshi wake ni sumu, akaniona najidai, akachomelea kipande cha majaribio ili anionyeshe. Ulitoka moshi mweupe kama wa unga. Jioni alitetemeka kama mwenye malaria. Mkewe akampa maziwa, lita nzima, maana mafundi wote wa huku wanaamini maziwa yanaosha kifua.

Kesho yake alirudi kazini. “Mimi nilishakwambiaga,” akasema, “daktari wangu ni ng’ombe.”

“Maziwa hayaondoi zinki, Wambura.”

“Mbona nimepona?”

“Ungepona hata kwa maji.”

“Basi nimepona kwa raha. Wewe endelea na vitabu vyako.”

Hapo ndipo nilipokumbuka kiwanda cha maziwa cha hapa Musoma. Walikuwa wamebadilisha mabomba, na yale ya zamani yalikuwa yamelala nje. Stenlesi. Hujawahi kuona kitu kizuri vile katika miaka ile ya kutu. Chuma kisichoshika kutu, kinachong’aa ndani na nje, kilichopitisha maziwa tu maisha yake yote. Chuoni tulikuwa tumefundishwa stenlesi kama chuma cha heshima. Mwalimu alikuwa na kipande kidogo tu, anakipitisha darasani na kuhakikisha kimerudi. Nikapewa mabomba mazima, na vijiti vyake vya kuchomelea. Nilirudi Bunda nimeyapakata kwenye basi kama mtoto.

Nilikuwa na sababu nzuri kwa kila aliyeuliza. Haishiki kutu. Inavumilia moto. Yote kweli. Ila nilijua pia, na nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani na kupata alama zote, kwamba stenlesi ikipata moto inarefuka kuliko chuma cha kawaida. Na bomba la maziwa ni jembamba, halikutengenezwa kubeba kitu. Nililijua hilo na nikalipita kama unavyompita mtu unayemfahamu njiani ukiwa umevaa nguo mpya.

Niliichomelea yote iwe kitu kimoja. Upande wa injini niliweka flenji moja ndefu, ubao wa chuma wenye matundu ya bolti, nikakaza kila bolti kwa nguvu zangu zote halafu nikamwita Wambura aongeze zake. Haikuvuja hata pumzi. Kabla hatujaifunga, baba yako alikuwa ameizunguka, akaitazama, akaipima kwa mkono.

“Nyepesi hii, Mama Nyangeta.”

“Wepesi si ubaya.”

“Sijasema ubaya. Nzuri sana. Mtu anaweza kuivaa kanisani.”

Watu walicheka. Nilicheka pia, lakini nilihesabu kwamba amenidharau, na nikaliweka hilo mahali.

Ilitembea wiki kadhaa. Lori lilikuwa linavuta vizuri, meneja alikuwa ananisalimia kwa jina. Halafu siku moja halikurudi. Ilinyesha usiku ule, mvua ya kwanza, tukaisikia Bunda nzima kwenye mabati. Kesho yake mchana baba yako aliingia karakana kwa miguu, amelowa mpaka kofia, amebeba gunia mgongoni. Akalitua juu ya meza yangu, akaifunua menifodi. Ilikuwa imekuwa ya rangi ya bluu na kahawia kama jicho la mtu aliyepigwa, na imepasuka kandokando ya mishono, kwenye tawi la kwanza na tawi la mwisho.

“Injinia,” akasema, “maziwa yamechacha.”

Karakana nzima ilianguka kwa kicheko. Wambura alilazimika kushika meza.

Mimi sikucheka. Ninavyojua leo, yule mtu alikuwa amelala kwenye lori lililokufa, anasikiliza mvua inapiga pamba ya watu. Alikuwa amewasaidia wakulima kuifunika kwa mablanketi yao na ngozi za ng’ombe, nyingine ikalowa hivyohivyo. Alikuwa ametembea asubuhi nzima na mzigo ule. Na alipofika, akaona uso wangu, akatafuta kitu cha kusema ili nisilie mbele ya watu. Lakini nilichosikia mimi ni kicheko. Nilikaa siku nyingi bila kusema naye zaidi ya karibu chakula. Alikuwa akileta samaki kutoka kwao Majita, nilikuwa nawapika, nakula ugali kwa mboga za majani. Hivyo ndivyo nilivyo, umeniona. Nikibana, nabana.

Nilimwambia meneja mwenyewe kwamba kosa ni langu, la chuma nilichochagua. Hilo halikuwa gumu. Nilikuwa na maneno yake yote ya kitaalamu. Gumu lilikuwa kukaa peke yangu na kile kitu kilichopasuka na kukiuliza, bila hasira, kilikuwa kinataka nini.

Kikanijibu. Nilijaribu kuirudisha ile flenji ndefu kwenye bolti zake, ikakataa. Matundu hayakulingana tena. Ubao ule nilioukata umenyooka ulikuwa umepinda kama ndizi. Nikaelewa. Kila lori lilipopanda kilima, bomba lilitaka kurefuka, na mimi nilikuwa nimelikaza huku na huku lisisogee. Likawa linajisukuma lenyewe, likipoa linajivuta lenyewe, kila siku, mpaka likapasuka pale nilipolikaza zaidi. Hata stenlesi nene ingepasuka. Nilikuwa nimechagua chuma kibaya, ndiyo, lakini ningekuwa na chuma kizuri kuliko vyote duniani ningekiua kwa namna ile ile.

Basi nikaanza kutafuta upya, safari hii bila kuangalia mng’ao. Nilitaka bomba nene, la chuma cha kawaida, lililowahi kuzoea moto. Baba yako ndiye aliyetaja Kiabakari, mgodi wa zamani wa dhahabu. Alikuwa amepita pale mara nyingi na lori. Aliyasema hayo akiwa mlangoni, amenipa mgongo, anavaa viatu. “Kuna mabomba ya mvuke yamelala kule tangu wazungu. Kama unataka.”

Tukaenda pamoja, meneja akiwa amezungumza na wenyewe. Nilikuwa na sumaku niliyoing’oa kwenye spika ya redio mbovu, na tupa. Sumaku inashika chuma cha kawaida, stenlesi ya maziwa haishiki. Tupa inakwambia kama ni laini au kigumu. Unalikwangua bomba kutu, unaligonga, unasikiliza kama lina ufa. Halafu kipande kidogo nilikileta karakana nikakiweka kwenye jiwe la kunolea linalozunguka kwa umeme, nikatazama cheche: kasti hutoa fupi, nyekundu, zinakufa karibu, chuma cha kawaida hutoa ndefu, za njano, zinakwenda mbali. Zilikwenda mbali mpaka Wambura akavuta mguu.

Ile sumaku ulikuja kuichukua ukaifanya mwanasesere, ukawa unailaza na misumari imeizunguka, unasema ni watoto wake. Hutaikuta kwenye sanduku lako. Bado naihitaji.

Mlinzi wa pale mgodini alitutazama tunavyoviringisha yale mabomba kwenye majani. Kando yetu kulikuwa na kina mama wanaponda mawe kutafuta dhahabu. Akasema, “Wenzenu wanakuja hapa wanatafuta mali, nyinyi mnabeba kutu.”

Baba yako akamjibu, “Huyu mama alishapataga dhahabu, haikumfaa.”

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu yale maziwa. Tulirudi Bunda nyuma ya gari la mkaa, tumekalia bomba, weusi mikono na nguo, na alininunulia karanga njiani, na sikusema samahani wala yeye hakuidai. Nadhani tulidhani karanga zimetosha.

Menifodi ya tatu niliitengeneza nene na mbaya kwa sura. Ubao mrefu wa flenji niliukata, kila tundu likawa na kipande chake, kila kipande kinasogea chenyewe. Turbo niliiwekea mkono wa chuma kutoka chini kwenye injini, ili uzito wake usiwe juu ya bomba. Na lile bomba kuu nililigawa mara tatu, ncha ya moja inaingia ndani ya nyingine, na sikuzichomelea. Niliacha pengo. Nililipima kwa hesabu, halafu nikalipima kwa unene wa kucha.

Baba yako alipoliona akachuchumaa, akaingiza ncha ya kisu.

“Hapa umesahau kuchomelea.”

“Sijasahau. Nimeacha.”

“Moshi utatoka.”

“Utatoka kidogo ikiwa baridi. Ikipata moto itarefuka, itajaza yenyewe.”

Akafikiri. “Na isipojaza?”

“Itajaza. Ila lazima tuipe nafasi kwanza.”

“Nikiiwasha asubuhi itakuwa inapiga kelele kama bata.”

“Itapiga kelele. Wewe endesha.”

Ikapiga kelele kama bata kila asubuhi, watoto wa Kabasa, kijiji cha njiani, wakaliita lori lenyewe Bata. Ikipanda kilima kelele inakwisha. Alikwenda Mugeta, akarudi. Akaenda tena. Pamba iliyobaki ikaingia kiwandani. Misimu ikapita, turbo ikabadilishwa, injini ikafunguliwa, ile menifodi haikuguswa.

Ungedhani mtu aliyelielewa hilo kwa mikono yake angelielewa na nyumbani kwake.

Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi wa pamba binafsi, wenye magari yao na mizani yao, kiwanda kikaanza kupunguza watu, na lile lori likauzwa kwa mfanyabiashara wa Mwanza. Huyo tajiri aliwasha, akasikia bata, akasema anamtaka na dereva wake. Baba yako akaniambia twende wote. Mwanza kuna karakana nyingi, akasema, utachagua. Nikasema nimepata chumba hapa Musoma na nataka kufungua ya kwangu. Akasema basi yeye atangulie, atakuwa anakuja, na wewe mwanangu utakuwa unakwenda kwake likizo. Hakuwa mtu mbaya, Nyangeta. Sikukuambia kwamba ni mbaya, lakini najua kwamba ukimya wangu ulikuwa unasema kitu, na mtoto husikia.

Nilisema hapana. Mtoto hawezi kuwa huku na huku, nilisema. Nikamwambia yeye aje kuishi hapa au abaki huko. Nilikaza huku, nikakaza na huku. Bibi yako alinikalisha jikoni kwake Butiama akaniambia, “Wewe vyuma umevisomea. Mwanaume hukumsomea.” Nikamjibu kwamba yeye hakumpenda mkwe mla samaki tangu mwanzo. Akasema, “Nilikuwa namtania! Wewe hujui utani?” Kweli sijui. Nimejifunza vitu vingi kwa bidii, hicho nimekikosa.

Mwaka mmoja baba yako alikuja kututembelea na sato, samaki wa ziwani, na labda wewe unakumbuka harufu yao tu. Mimi nakumbuka ulivyosimama. Alikaa uani kidogo, mkacheka, akaondoka kuwahi gari. Mimi nikawachukua samaki wote, nikawagawa kwa majirani, mmoja mmoja, na wewe ulikuwa umesimama kwenye kizingiti unatazama kila mmoja anavyoondoka. Hukulia. Jioni ulikula ugali kwa mboga za majani, bila kuuliza. Nilijivunia nikidhani una adabu. Siku hizi nikikumbuka ule mkao wako mlangoni naisikia ile ting.

Baada ya hapo hakuja tena, na wewe hukumtaja tena, na mimi nilidhani kitu kikinyamaza kimetulia. Mpaka wiki iliyopita, na sufuria iliyotakata.

Nitakwambia nilivyokuwa nimepanga, kwa kuwa sitaki uwe na mama unayemkisia. Mama Rebeka, tuliyekuwa tunaimba naye kwaya Bunda na sasa yuko Mwanza, angekupokea kwenye basi, akupeleke moja kwa moja stesheni, akae na wewe kwenye benchi mpaka treni iondoke. Nilikuwa nimemwambia asibandue macho kwako. Nilikuwa nimeziba kila saa ya mchana ule. Kazi safi, isiyovuja hata pumzi. Naijua kazi ya namna hiyo. Niliwahi kuletewa ikiwa kwenye gunia.

Unakwenda kusoma, na unasema unataka kusoma vyuma. Watu wanadhani mimi ndiye niliyekuvuta. Sijui. Labda ni wale watoto wa misumari. Ukifika huko na ukawa hodari, na utakuwa, utakutana na kitu kinachong’aa ambacho umekisubiri sana, na utakuwa na sababu nzuri za kukichagua. Sikukatazi. Mimi mwenyewe bado naipenda stenlesi. Kuna kipande cha lile bomba la maziwa dirishani, naweka kalamu humo, umekiona maisha yako yote bila kujua ni nini.

Nirudi kwenye swali lako, giza linaingia na bibi yako ananiita nije nionje chumvi.

Leo asubuhi nilikuambia nakwenda sokoni kutafuta kufuli la sanduku. Kufuli nilinunua. Lakini kwanza nilikwenda posta, nikaomba simu ya Mwanza, kwenye duka la yule tajiri. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Mtu wa duka aliita kwa sauti, nikasikia malori, nikasikia hatua, nikasikia anapumua.

“Haloo?”

“Ni Mama Nyangeta.”

“Injinia! Kuna nini? Mtoto mzima?”

“Mzima. Anakwenda Tabora kesho. Amechaguliwa.”

Nilidhani laini imekatika. Kumbe alikuwa amefunika simu anawaambia watu wa dukani, maana nilisikia mtu anapiga makofi.

Yale maneno niliyojiandalia yalinipotea, nikauliza kitu cha kijinga. Nikauliza kama Bata bado anatembea.

“Anatembea,” akasema. “Tajiri alitaka kuleta menifodi mpya, nimemkatalia. Asubuhi anapiga kelele mtaa mzima wananitukana.”

“Na akipata moto?”

“Akipata moto ananyamaza. Si ulinipa hesabu wewe mwenyewe?”

Nikamwambia jina la basi na saa linapofika. Nikamwambia treni ni jioni, na kwamba saa zote za katikati ni zako, si zangu wala zake. Mama Rebeka atakuwepo kukupokea, nimeshampigia naye. Ukimwambia unataka kukaa na baba yako, atakuacha naye mpaka stesheni. Ukimwambia hutaki, atakaa na wewe kama nilivyopanga mwanzo, na baba yako ameahidi kwamba atakusalimia tu na kukupungia mkono, na hatakasirika. Ameuliza unapenda kula nini siku hizi. Nikasema sijui kama unakula sato, kwa sababu sijakupikia tangu ukiwa mdogo. Akasema atakuuliza mwenyewe.

Atakuwa amesimama stendi, upande wa malori. Amesema amenenepa, usimpite.

Mama yako